Jarida la Kishikwambi Lisiwe Kivuli cha Jarida la Karatasi

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, serikali iligawa vishikwambi vya makarani kwa walimu wa shule za umma. Kwa sisi tunaosanifu kurasa, kupiga picha na kuchora huku Mtwara na Lindi, lile lilikuwa jambo kubwa kuliko tulivyolichukulia. Tandahimba, Liwale, Nanyamba, hadi shule ambazo gazeti la karatasi halifiki, sasa kuna kioo kinachoweza kubeba jarida zima la rangi. Msomaji yupo na kifaa anacho. Lakini sehemu kubwa ya kinachomfikia ni ukurasa wa A4 uliotengenezewa mashine ya kuchapia, ukahifadhiwa kama PDF, ukarushwa kwenye kundi la WhatsApp, basi jarida likaitwa la kidijitali. Mimi nasema hilo bado si jarida la kishikwambi, na msomaji wa Kusini anastahili kutengenezewa lake.

Chukua rula upime. A4 ina upana wa milimita 210. Kishikwambi cha inchi 10 ukikishika wima, kioo chake kina upana wa milimita 136 hivi. Kwa hiyo ukurasa unasinyaa hadi karibu theluthi mbili, na maandishi uliyoyapanga kwa pointi 10 yanamfikia msomaji yakiwa pointi 6 na nusu. Kwenye kifaa cha inchi 8 yanabaki pointi 5, sawa na yale maandishi ya kikaratasi kinachokunjwa ndani ya boksi la dawa. Ukiwa umepanga safu mbili ndiyo mateso yanakamilika. Nilimtazama mwalimu mmoja wa Kiswahili, mtu anayependa kusoma kwelikweli, akikuza kwa vidole viwili, akishuka na safu ya kwanza hadi chini, akipanda tena juu kuutafuta mwanzo wa safu ya pili, ukurasa ukimponyoka na kumtupa kwenye tangazo. Alivumilia kurasa mbili, akafunga.

Picha nazo zinaumia. Kuna toleo lilikuwa na picha ya matao ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, imetandazwa kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Kwenye karatasi ilikuvuta ndani. Kwenye PDF tao la katikati lilipasuliwa, nusu ukurasa wa 14 na nusu ukurasa wa 15, na ili uone nusu ya pili inabidi uiache ya kwanza. Mpiga picha alisubiri mwanga wa alasiri kwa ajili ya tao lile.

Waliotangulia walishapita njia hii, na inafaa tujue walikwama wapi. iPad ilipoanza kuuzwa Marekani Aprili 2010, jarida la Popular Science lilikuwamo tangu mwanzo. Mwezi uliofuata likafuata Wired. Toleo lile la kwanza la Wired lilikuwa na uzito wa takribani MB 500, kwa sababu kila ukurasa ulihifadhiwa kama picha, tena mara mbili, wa wima na wa ulalo. Msanifu aliyezoea kupanga ukurasa mmoja akajikuta anapanga miwili. Na maandishi yakishakuwa picha huwezi kutafuta neno ndani yake, wala ukiyakuza hayajipangi upya. Machi 2012 ikaja iPad ya pikseli 2048 kwa 1536, mara nne ya pikseli za ile ya kwanza, na mafaili yakazidi kunenepa. The Daily, gazeti ambalo News Corp ililianzisha Februari 2011 kwa ajili ya iPad peke yake, lilifungwa Desemba 2012. Biashara ina sababu nyingi za kuanguka, sitajifanya kuzimaliza hapa. Ila jambo la ufundi liko wazi: mwezi uleule wa Mei 2010 ambao Wired lilitoka na kurasa zake za picha, msanifu Ethan Marcotte alichapisha makala kuhusu kurasa za wavuti zinazojipanga zenyewe kulingana na upana wa kioo. Njia yake ndiyo iliyodumu. Sisi tunaanza baada ya jaribio lote hilo, hatuna haja ya kulirudia.

Huku kwetu uzito wa faili ni suala la kwanza, kabla hata ya uzuri. Mwalimu wa Newala anayenunua bando la siku hawezi kupakua MB 500, na asilaumiwe. Kipimo ninachokifuata ni toleo zima lisizidi MB 15. Mei 2024 iliniongezea msimamo. Mwanzoni mwa mwezi kilikuja Kimbunga Hidaya, mvua ikaikata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara pale Somanga, magari yakakwama. Tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom nazo zikapata hitilafu, intaneti ikazorota nchi nzima. Ndani ya mwezi mmoja njia ya karatasi ilikatika, na njia ya mtandao ikakatika. Kilichoendelea kusomeka ni kile kilichokuwa tayari ndani ya kifaa, na kile watu walichoweza kurushiana kwa Bluetooth wakiwa wamekaa benchi moja. Kwa hiyo napinga jarida linalotaka mtandao kila unapofungua ukurasa. Liwe faili moja jepesi, EPUB (aina ya faili la kitabu cha kielektroniki) inatosha kabisa, maandishi yake yakubali kukuzwa, yawe meusi kweli juu ya nyeupe. Wale wanaopenda herufi nyembamba za kijivu wajaribu kuzisoma saa nne asubuhi chini ya mkorosho.

Sasa wapiga picha. Hawa kishikwambi kimewapa zawadi, na wengi wao bado wanatuma picha iliyoandaliwa kwa wino. Angalia kinyago cha mpingo. Kwenye karatasi ya bei nafuu wino hunyonywa na kutanuka, weusi wote unakuwa doa moja, ndiyo maana tulizoea kuiangaza picha hadi mpingo unageuka kijivu. Kwenye kioo weusi una ngazi zake. Ukikipiga kwa mwanga wa pembeni, kinyago cha ujamaa kinakuonyesha alama ya patasi kwenye shingo ya yule mtu wa chini kabisa anayewabeba wenzake, unaona msasa ulipopita na ulipoachiwa njiani. Bahari ya Msimbati vilevile. Ile rangi yake kati ya samawati na kijani, rangi nne za uchapaji hazijawahi kuitoa sawasawa, lakini kioo kinachotengeneza rangi kwa mwanga kinaifikia. Kutuma faili la uchapaji kwenye kioo ni kuitupa rangi hiyo kwa hiari.

Nawaomba pia wapige wima na ulalo, na waache nafasi pembeni mwa kitu wanachokipiga, kwa kuwa hawajui msomaji atakishika kifaa vipi. Halafu kuna sauti. Watu wakisikia jarida la kishikwambi wanakimbilia video, na video ndiyo inayoua bando. Dakika moja ya ngoma ya sindimba, ikihifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, haifiki hata nusu MB. Picha moja ya simu isiyopunguzwa inaweza kuzidi hapo mara sita. Mpiga picha anayekwenda kwenye mapiko, ngoma ya Wamakonde ya kuvaa vinyago, akirudi na picha nne nzuri na dakika moja ya ngoma, amemletea msomaji kitu ambacho karatasi haikuwahi kukileta.

Wachoraji ndio nawaonea wivu zaidi. Waliolelewa na majarida ya katuni kama Sani wamezoea ukurasa uliojaa fremu, jicho linaruka lenyewe. Kwenye kioo fremu inaweza kusimama peke yake, moja baada ya nyingine, na maneno ya wahusika yakakaa kwenye leya yake, yaani tabaka lililotengwa na mchoro, ili yakuzwe bila kuharibu mchoro. Na si katuni tu. Fikiria mchoro wa kumweleza mkulima wa korosho mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mazao yake hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada. Kwenye karatasi ni mshale juu ya mshale, mkulima, AMCOS (chama chake cha ushirika), ghala, mnada, malipo, vyote vimebanana. Kwenye kishikwambi unagusa mara moja, gunia linafika AMCOS na kupimwa. Unagusa tena, linaingia ghalani. Unagusa tena, mnada unafunguka, na makato yanaonekana moja moja hadi kile kinachobaki kwa mkulima. Unaweza hata kumwonyesha pembeni njia ya kangomba, yaani ya walanguzi wanaonunua korosho kwa magendo, na kiasi inachomnyang'anya. Huo ni mchoro ambao mtu wa Kitangari angeutazama mara tatu.

Nawaheshimu sana mafundi wa karatasi. Ndanda, hapa hapa mkoani Mtwara, Wabenediktini walichapa vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa mbali sana na Masasi. Mafundi wale waliijua karatasi yao, wakapanga kurasa kwa kuifuata. Nasi tukijue kioo kwa kiwango hicho.

Lakini kazi hii mpya ina malipo yake. Mchoraji mmoja rafiki yangu alichorea taasisi fulani mchoro wa ukurasa mmoja wa karatasi, akalipwa wa ukurasa mmoja. Baadaye akaambiwa alete leya zote, alete na wa ulalo, eti ni uleule. Kutenganisha leya, kuchora upya kilichofichwa nyuma ya kila mhusika, kupanga upya kwa ulalo, ile ilikuwa kazi nzima ya pili, na hakulipwa. Marekani waandishi wa kujitegemea walilifikisha jambo linalofanana na hili Mahakama ya Juu, na Juni 2001 ikaamuliwa kwamba ruhusa ya kuchapisha gazetini haikuwa ruhusa ya kuiweka kazi kwenye hifadhidata za kielektroniki. Nasi tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na tuna COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi ya makubaliano yenye sahihi.

Bei ninazotoa sasa zina mistari miwili: karatasi kivyake, kishikwambi kivyake, na mchoraji na mpiga picha wanaonekana kwenye kila mstari. Mhariri akiniambia fungu ni moja tu, namshauri aiache karatasi, na hela ya mashine ampe mchoraji.