Kompyuta Yangu na Mifuko ya Mjomba

Waliotunga jina la kompyuta mpakato hawajawahi kuipakata ya kwangu. Mtu hupakata mtoto. Hii mimi niliipakata mara moja, mwaka juzi, nikiwa nimekaa barazani, na nikainuka nikitembea kama jando limenikuta ukubwani. Tangu siku hiyo tunaishi kama mtu na mkwewe: heshima tele, na hatua mbili katikati.

Nina steshenari Magomeni, hapa Mtwara mjini. Kibanda cha mlango mmoja. Nachapa barua, natoa kopi, nasafisha picha za pasipoti, nawajazia watoto fomu za mikopo ya chuo, na msimu wa korosho nauza kalamu kwa watu waliopata hela ghafla wakatamani kusaini kitu chochote. Kazi yote hiyo inabebwa na laptopu moja, iliyotumika Ulaya, ikatumika Dar es Salaam, ndipo ikapandishwa basi kuja kusini kumalizia uzee wake kwangu. RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 4, diski ya kuzunguka, na prosesa, yaani ubongo wake, kizazi cha tano. Aliyeniuzia aliniambia, "Hii mashine ya ofisi, mzee." Hakuniambia ofisi yenyewe ilifungwa lini.

Meza ilivunjika mguu, kwa hiyo laptopu inakaa juu ya mifuko ya salfa ya mjomba. Ni mifuko sita ya kilo 25, ilibaki msimu uliopita wa kupulizia mikorosho, akaniomba nimhifadhie "siku mbili tatu". Wasiojua mambo ya huku watasema, si umwambie aiondoe? Jamani. Kwetu mjomba haambiwi ondoa. Mjomba anaamkiwa, anaulizwa kama amekula, basi. Nikatandika kanga juu ya mifuko, nikaweka laptopu, nikaona pamependeza.

Saa moja asubuhi naiwasha. Nafagia kibanda, namwagia maji vumbi la mlangoni, navuka barabara kwa mama wa chapati, nakunywa chai na chapati mbili, tunazungumza bei ya samaki, narudi: vidoti bado vinazunguka. Mteja amekaa kwenye benchi ananitazama kama mimi ndiye ninayevizungusha. Nikibonyeza faili, kimya. Nikibonyeza tena, kimya. Nikibonyeza mara ya tatu kwa hasira, inafungua yote matatu kwa mpigo halafu inazimia.

Hapo ndipo madaktari wanapojitokeza. Ukienda kupima homa hukosi UTI; laptopu ikigoma mbele ya watu haikosi virusi. Kijana wa bodaboda, hata kofia hajavua: "Njomba, hiyo ina virusi." Muuza genge: virusi. Mama mkwe alikuja kunisalimia, akauliza kwa upole kama virusi hivyo vinaweza kuingia kwenye ndoo ya maji. Nami nikaingiwa na wasiwasi, nikaweka dawa za virusi mbili kwa pamoja, kama mgonjwa anayemeza vidonge vya hospitali huku anashushia na mizizi ya babu. Zile dawa zikaanza kukaguana zenyewe kwa zenyewe. Ikawa ikiwaka naweza kwenda hata Mikindani nikarudi.

Aliyenisaidia ni binti mmoja wa chuo aliyekuja kuprinti ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Akanisogeza pembeni, akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likafunguka dirisha lenye orodha ya kila mtu aliyekuwa anafanya kazi humo ndani. Palipoandikwa diski: asilimia 100. Mimi sijafungua hata kitu, mwenzangu yuko bize asilimia 100! Akanionyesha na wale wanaoamka nayo kila asubuhi. Programu ya printa niliyokwisha kuiuza. Programu ya mikutano ya video, na mimi mkutano wangu ni wa pale kwa mama wa chapati. Dawa mbili za virusi zilizonuniana. Ndugu waliokuja arobaini, arobaini ikaisha, wao wakabaki na mikeka. Akawazima mmoja mmoja, akafuta dawa moja, akasema hiyo inayokuja na Windows yenyewe inatosha. Kwa kipimo changu ikapungua kutoka chai na chapati mbili hadi chai na chapati moja.

Nikamuuliza, je, nikiweka Windows 11 haitapona kabisa? Akacheka. Akaniambia ile inataka kuanzia prosesa za Intel za kizazi cha nane, wangu wa tano hawamfungulii mlango. Na huku nilipo, Windows 10, masasisho ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Siku ya Nyerere! Sisi tuko kwenye kumbukumbu, wenzetu huko Marekani wanafunga daftari.

Betri sitaki hata kuisema. Imekufa, inazikwa na kufufuliwa na chaja. Umeme ukikonyeza tu, laptopu nayo inafumba macho, na barua yote inakwenda. Gesi inachimbwa Msimbati, jirani yangu kabisa hapa, bomba linaipeleka mpaka Dar es Salaam, na mimi nimejifunza kubonyeza Ctrl na S, kuhifadhi kazi, kila baada ya nukta kama mtu anavuta tasbihi.

Halafu likaja la herufi A.

Mwanangu wa mwisho alikaa karibu na laptopu akila bibo, lile tunda la mkorosho. Anayejua mabibo anajua maji yake yakiingia kwenye shati, shati hilo linakuwa la shambani mpaka linakufa. Yaliingia kwenye kibodi. Kesho yake kitufe cha A kikashuka chini, hakikupanda tena. Sasa ungekufa hata Q ningeshukuru Mungu, toka nimeanza biashara hii sijaiona Q ikitumika. Lakini A! Kiswahili bila A kinabaki nini? Jaribu kuandika "mama". Jaribu kuandika "naomba", na mimi ndiyo kazi yangu, kuandika naomba za watu kutwa nzima.

Nikabuni njia. Nikatafuta a moja kwenye barua ya zamani, nikainakili, na kila inapohitajika nabandika kwa Ctrl na V. Ilikwenda vizuri siku tatu, vidole vikazoea kama ngoma. Siku ya nne akaja mzee mmoja kutoka Nanguruwe, ana kesi ya mpaka wa shamba la mikorosho, anaandikia serikali ya kijiji. Nikachapa kichwa. Akasema, "Hicho kichwa, mwanangu, kiweke na kule chini, wasije wakasahau." Nikakinakili, nikakiweka chini, nikarudi juu kuendelea. Mimi nachapa nikitazama vidole, skrini naitazama mwishoni kama mtihani. Nilipoinua macho nikakuta:

"NYAH: MPAKA WA SHAMBAombYAH: MPAKA WA SHAMBA..."

Na ukurasa mzima hivyo, kila palipo na a. Nikanyamaza. Mzee akavaa miwani, akasogea, akasoma taratibu kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Umewabana vizuri," akasema. "Hapa watajua sitaki utani."

Niliichapa upya bila malipo. Jioni ile nikanunua kibodi ya nje, ya kuchomeka kwenye USB, shilingi 15,000. Laptopu ina matundu mawili ya USB. Moja lilishakufa zamani, kwa hiyo kibodi ikakaa kwenye hilo moja lililo hai.

Sijapumua, feni ikaanza. Kwanza ilinguruma kidogo, nikadhani ni pikipiki nje. Kufika Februari ikawa inalia kama mashine ya kupulizia mikorosho, na baada ya dakika ishirini, pu, giza. Yule binti nilimpigia simu, akanieleza kwamba prosesa ikipata moto hupunguza mwendo ili isiungue, ikizidiwa inajizima. Hapo nilimwelewa kuliko mtu yeyote. Saa nane mchana, Februari, Mtwara, mimi mwenyewe napunguza mwendo kisha najizima. Mke wangu akashauri tuiinue kwa vizibo vinne vya soda ipitishe hewa chini. Ikasaidia wiki moja. Kizibo kimoja kikapotea, ikawa inachechemea.

Nikaipeleka kwa fundi sokoni. Kijana mdogo, kucha zimejaa risasi ya kuchomelea, hana maneno mengi. Wala hakusema virusi, na hapo hapo nikamwamini. Akageuza laptopu, akafungua skrubu zote akazipanga juu ya sumaku, akainua mfuniko. Akabaki ameinamia. Akaita mwenzake. Wakainamia wawili.

Ndani kulikuwa njano. Feni njano, kingo za bodi njano, mapezi ya kupoza yamezibwa na unga wa njano umeshikamana na vumbi mpaka umekuwa kama andazi. Kile kibomba cha shaba kinachobeba moto kutoka kwenye prosesa kimekuwa cheusi.

"Mzee, shikamoo," akasema, ingawa tulishaamkiana. "Laptopu yako hii huwa unaiweka wapi?"

Nikakohoa. Nikataja ile kanga. Sikutaja kilicho chini ya kanga. Akachukua kidogo kwa ncha ya kidole, akanusa.

"Mimi nimezaliwa Newala," akasema. "Hii ni salfa. Salfa na shaba hazikai pamoja, ndiyo maana kibomba kimekuwa hivi. Virusi sijui, ila ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, hii haitakaa iupate."

Walicheka mpaka wauza nyanya wakaja kuuliza. Kumbe panya alitoboa mfuko mmoja, na feni inavuta hewa kwa chini, kwa hiyo miezi yote ile nilikuwa napulizia dawa laptopu yangu kila siku ya Mungu, kwa kipimo ambacho hata mikorosho ya mjomba haijawahi kupata. Kanga nayo ilikuwa inaziba matundu ya hewa vizuri kabisa, isije ikatoroka.

Akaisafisha kwa brashi na upepo wa mashine, akapangusa girizi iliyokauka juu ya prosesa akapaka mpya, akafuta meno ya RAM kwa ufutio wa shule, ule ule ninaouza mimi. Kisha akanishawishi nitoe ile diski ya kuzunguka, niweke SSD, ambayo ndani hakuna kinachozunguka wala kinachochoka kuzunguka. Jumla shilingi 120,000. Niliumia. Lakini siku ya kwanza niliiwasha, nikageuka kuchukua ufagio, nageuka tena imeshafunguka inanisubiri. Sasa sipati hata nafasi ya chai. Mama wa chapati ameshamtuma mtu kuniuliza amenikosea nini.

Nikajikaza nikaenda kwa mjomba. Nikamwamkia, nikamuuliza kama amekula. Nikaanza kwa mbali, nikapitia mvua, nikapitia bei za mnadani, nikafika kwenye mfuko uliotoboka na fundi alivyosema. Alinisikiliza mpaka mwisho, mjomba ni msikivu sana.

"Salfa tunapulizia toka wewe hujazaliwa," akasema. "Haijawahi kuua hata kuku. Hiyo mashine yako ina virusi."

Mifuko ipo pale pale. Laptopu nimeihamishia kwenye kiti cha wateja, wateja wanakaa juu ya salfa. Hawajalalamika.

Na hapa naandika vizuri tu, kibodi mpya, feni haisikiki, ila mke wngu mekuj ss hivi, kchomo kibodi chji simu yke. Nimemwmbi subiri nimlizie. Nsem simu in silimi mbili n mm yke npig. Mwenye bru y kuchp je kesho.