Nani achinje fahali wa matanga?

Katika vijiji vingi vya Mumias na Matungu, magharibi mwa Kenya, kabla fahali wa matanga hajaangushwa, mtu hutumwa kumwita jirani Mwislamu. Jirani huyo huja alfajiri, kisu amekifunga kwa kitambaa, na mara nyingi hakai hata kunywa chai. Vijana wakishamfunga fahali miguu, yeye huwaelekeza wamlaze kwa ubavu wa kushoto, koo likielekea Mlima Elgon, maana kwa aliye Mumias kibla kiko kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo tu, na mlima ndio alama inayoonekana. Hutaja jina la Mwenyezi Mungu, hukata koromeo na umio pamoja na mishipa ya shingo, husubiri damu itoke yote, kisha hufuta kisu na kwenda zake. Waliofiwa ni Wakristo, mhubiri wa siku hiyo ni Mkristo, na katika umati utakaokula huenda Waislamu hawafiki hata kumi.

Kwa muda mrefu hakuna aliyeuliza kwa nini. Siku hizi wanauliza. Baadhi ya wahubiri husema nyama iliyoelekezwa kibla ni nyama ya ibada ya wengine, na Mkristo hana ruhusa ya kuila, sembuse kumwita mtu aje kuichinja uani kwake. Wengine hawafiki huko. Wanalalamika tu kwamba ikiwa Mkristo hula alichochinja Mwislamu, ilhali Mwislamu hagusi alichochinja Mkristo, basi heshima inatembea upande mmoja. Lalamiko hili la pili ndilo zito zaidi, nami naona linastahili jibu bora kuliko lile la "ndivyo dini inavyosema".

Kinachowashangaza wengi ni kwamba Kurani yenyewe haikuufunga mlango. Aya ya 5 ya sura ya Al-Maida inasema chakula cha waliopewa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, ni halali kwa Waislamu, na cha Waislamu ni halali kwao. Na wafasiri wengi wameelewa kuwa kinachokusudiwa hapo ni nyama ya kuchinjwa, kwa kuwa nafaka na matunda havikuwa na mgogoro wowote. Kwa upande mwingine, aya ya 121 ya sura ya Al-An'am inakataza kula ambacho hakikutajiwa jina la Mwenyezi Mungu. Je, mwenye bucha Mkristo wa Kakamega, ambaye huchinja bila kutamka lolote, yuko chini ya aya ipi kati ya hizi mbili?

Madhehebu ya Kishafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi miongoni mwa Wasunni wa Afrika Mashariki, huona kutaja jina wakati wa kuchinja ni sunna, yaani jambo linalopendekezwa, wala si sharti. Mtu angetegemea basi wao wawe wepesi kuliko wengine. Lakini vitabu vyao vya fikihi, yaani sheria za dini, vina sharti jingine, ambalo majirani Wakristo hawaelezwi kamwe: asiye wa uzao wa Israili huhesabiwa miongoni mwa Watu wa Kitabu pale tu inapojulikana kwamba mababu zake waliingia katika dini hiyo kabla haijafutwa na ile iliyofuata, yaani, kwa Mkristo, kabla ya Uislamu. Kwa kipimo hicho Mluhya ambaye babu yake alibatizwa baada ya Waquaker kufika Kaimosi mwaka 1902, au baada ya mapadri wa Mill Hill kufungua misheni zao, hayumo, hata awe ameisoma Biblia yote mara kumi. Kwa hiyo anayekataa nyama ya jirani yake si lazima awe anamdharau. Huenda anafuata hukumu ya nasaba iliyoandikwa karne nyingi kabla Injili haijafika huku.

Hata hivyo, nikiri kwamba hoja hiyo ya nasaba hainiridhishi, na wako wanazuoni, wa zamani na wa sasa, ambao hawaitambui. Uislamu haumuulizi anayesilimu babu yake alikuwa nani. Nabongo Mumia, mtawala wa Wanga, ufalme wa Waluhya, aliyefariki mwaka 1949, aliupokea Uislamu ulioletwa na misafara ya wafanyabiashara Waswahili katika karne ya 19. Yeye naye hakuwa na babu Mwislamu, na hakuna aliyemnyima kisu kwa sababu hiyo. Iweje basi imani ya Mwislamu ipimwe kwake mwenyewe, na ya Mkristo ipimwe kwa mababu?

Upande wa Wakristo nao unasoma nusu ya ukurasa. Wanaopinga hutegemea agizo la Matendo ya Mitume 15:29, la kujiepusha na vilivyotolewa kwa sanamu. Mstari huohuo unakataza pia damu na kilichonyongwa, na kwa hayo mawili hakuna kisu cha kijijini kinachoutimiza vizuri kuliko cha Mwislamu, ambaye kwake kibudu ni haramu na damu haikaribii sufuria. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliwaruhusu kula kinachouzwa sokoni bila kuhojihoji, ila wajizuie mtu akiwaambia kwamba nyama hiyo ni ya sadaka. Mzizi wa ubishi uko hapo: je, fahali wa matanga ni sadaka? Kwa fikihi ya Kiislamu si sadaka. Mnyama wa Idi ya kuchinja ni ibada, ana siku zake na masharti yake; huyu wa matanga anachinjwa ili aliwe, na jina la Mungu linatajwa kwa kuwa uhai si mali ya mchinjaji. Lakini siwezi kumlaumu Mkristo anayejibu kwamba kibla na takbiri ni alama za dini, uziite utakavyo. Hilo ni kweli.

Wako hata wanaoikataa nyama hiyo bila kuwa Wakristo. Kisumu na Nakuru zina Masingasinga ambao wazee wao walikuja na reli, na kanuni za Singasinga aliyebatizwa kwa maji ya amrit zinamkataza waziwazi nyama iliyochinjwa Kiislamu. Tunaposema kisu cha Mwislamu kinamwezesha kila mtu kula, huyu tumemsahau.

Tohara nayo huingizwa, hasa katika nchi ya Wajaluo, ambao kwa jadi hawakutahiri, na ambako wapo Waislamu wasiokula kilichochinjwa na asiyetahiriwa, ingawa wanazuoni walio wengi hawakuifanya tohara kuwa sharti la kuchinja. Jambo hili lina historia ya damu jirani tu. Katikati ya miaka ya 1870 Kabaka (mfalme) Mutesa wa Kwanza wa Buganda, aliyekuwa akifunga Ramadhani lakini hakutahiriwa, aliwaua vijana wa jumba lake waliokataa kula nyama ya wachinjaji wake na kukataa kuswali nyuma yake. Waliuawa Namugongo, mahali palepale ambapo Wakristo nao waliuawa miaka michache baadaye. Kisumu yenyewe ilihesabiwa upande wa Uganda hadi mwaka 1902, kwa hiyo kisa hiki si cha ugenini sana.

Tanzania iliona sura nyingine ya ugomvi huohuo. Kule, desturi ya Waislamu kuchinja kwa ajili ya soko lote ilizoeleka hadi ikadaiwa kama haki, na Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, Wakristo walipochinja na kuuza wenyewe, vurugu zilizuka na mchungaji mmoja akauawa. Kwa maoni yangu tofauti kati ya Buseresere na Matungu haiko katika aya. Matungu mwenye matanga ndiye anayetuma mtu kwa jirani, na anaweza asitume; hakuna ofisa wala shehe anayemwamrisha. Siku mwaliko huo utakapogeuzwa kuwa sheria, iwe ya kaunti au ya msikiti, yule mhubiri anayelalamika atakuwa na hoja ambayo leo hana.

Vilevile Mwislamu hapotezi kitu akimweleza jirani sababu yake kwa ukweli, pamoja na kwamba wanazuoni wake wenyewe wanatofautiana. Katika koo za huku Ali na Yohana ni watoto wa baba mmoja, na maelezo hayo yanaweza kutolewa jikoni bila kuitisha mkutano.

Nimeona pia njia ya kati ikijaribiwa katika boma moja: Wakristo walichinja fahali wao, na Waislamu wa ukoo wakapewa mbuzi wawili wachinje na kupika kando, chini ya mwembe. Visu havikuleta shida yoyote. Shida ilikuwa mwiko, kwa sababu ulikuwa mmoja, na kabla ya saa sita binti aliyetumwa kuonja chumvi alikuwa amekwisha kuuchovya katika masufuria yote mawili.