Linux kwenye tableti ya zamani: nani itamfaa, nani aachane nayo

Tableti zilizonunuliwa Kisumu miaka saba au minane iliyopita bado ziko majumbani. Kioo ni kizima na chaja ipo, ila programu nyingi za sasa zinakataa kuingia kwa sababu Android yake imezeeka. Chrome, kwa mfano, iliacha kutoa matoleo mapya kwa Android 7 baada ya toleo la 119, mwishoni mwa 2023. Ndipo vijana wanaosomea kompyuta, kuanzia Maseno hadi Masinde Muliro kule Kakamega, wanapouliza: kwa nini tusiweke humo Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, wenye madirisha na programu za ofisi za LibreOffice, tableti ikarudi kazini?

Wapo wanaoapa kwamba inawezekana, na wapo wanaosema ni kupoteza muda na data. Naona pande zote mbili zinazungumzia kazi mbili tofauti kana kwamba ni moja. Kuna kuendesha Linux juu ya Android, na kuna kuiondoa Android kabisa. Ya kwanza naiunga mkono kwa mtu anayejifunza. Ya pili, kwa tableti nyingi zilizoko huku kwetu, siwezi kumshauri mtu yeyote aijaribu kwenye kifaa anachokihitaji.

Kazi ya kwanza haina hatari kubwa. Android yenyewe imejengwa juu ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachoongoza vifaa, kwa hiyo sehemu hiyo ipo tayari. Kinachokosekana ni programu na maktaba za Linux ya kawaida. Unapakua Termux, programu ya kuandikia amri, kutoka F-Droid, duka la programu huria za Android. Inahitaji Android 7 au zaidi. Ndani yake unaweka proot-distro, kifaa cha kupakulia Linux, kisha unaandika proot-distro install debian ili kuweka Debian, mojawapo ya aina za Linux, na kusubiri. Baada ya hapo unaongeza desktopu nyepesi kama XFCE au LXQt, na kuitazama kwa Termux:X11 ikiwa Android yako ni 8 kwenda juu, ama kwa programu ya VNC, inayoonyesha skrini ya mfumo mwingine. Android haiguswi. WhatsApp inabaki, programu ya benki inabaki, picha za watoto zinabaki. Ukichoka, unaifuta Termux na yote yaliyoingia nayo yanaondoka.

Siri yake iko kwenye proot, programu inayotumiwa na proot-distro. Haidai mamlaka ya juu ya mfumo, bali inakaa katikati: kila programu ya Debian inapoiomba kerneli ifungue faili, proot inalipokea ombi, inabadilisha njia ya faili hilo, kisha inalipitisha. Upatanishi huo unakula kasi. Kuweka programu mpya, ambako mafaili madogo maelfu yanafunguliwa na kufungwa, kunachosha kusubiri. Lakini ukishaingia kwenye kazi yenyewe, kuandika programu kwa Python, kutunza matoleo ya msimbo kwa Git, kujifunza amri za Linux, uzito huo hausumbui sana. Na kuna jambo moja ambalo tableti kuukuu inaishinda mpya. Kuanzia Android 12, mfumo unaua michakato midogo inayozaliwa na programu pindi inapozidi 32 kwenye kifaa kizima, na desktopu ya Linux inafika idadi hiyo upesi. Android 8 au 9 haina kizuizi hicho.

Hoja yenye uzito zaidi kwangu ni ya umeme. Tableti nyingi za aina hii huchajiwa kwa volti 5, na chaja yake kwa kawaida haizidi wati 10. Chaja ya laptopu ni wati 45 hadi 65. Anayeishi mtaa wa Milimani mjini ataliona hilo siku stima ikipotea tu. Mwanafunzi aliyerudi likizo kijijini Siaya au Busia, kwenye nyumba yenye paneli ndogo ya sola na tundu la USB, analiona kila jioni. Sola hiyo haiwezi kuchaji laptopu, lakini tableti inaimudu. Kwa kijana huyo, Debian iliyo ndani ya Termux ndiyo itakayoamua kama atafanya mazoezi ya kuandika programu kwa wiki zote za likizo au ataandika msimbo kwenye daftari akisubiri chuo kifunguliwe. Wanaobeza jambo hili mara nyingi wana soketi ukutani.

Hata hivyo, wanaobeza hawakosei kuhusu kazi ya ofisi. Menyu za LibreOffice zilitengenezewa mausi. Kidole kinafunika vitufe vitatu kwa mpigo. Kibodi ya waya inahitaji kebo ya OTG, ile ya kuunganishia vifaa vya USB, na tableti nyingi za bei nafuu zina tundu moja tu la micro-USB: ukichomeka kibodi, kwa kawaida huwezi kuchaji. Itabidi utafute kibodi ya Bluetooth. RAM ikiwa GB 1, sehemu kubwa inamezwa na Android. Ukifungua LibreOffice na Firefox pamoja, Android inaiua Termux bila kuuliza, na kurasa ambazo hukuhifadhi zinapotea. GB 2 inavumilika. Kadi ya kumbukumbu nayo haikuokoi, kwa sababu kadi hizo hutumia FAT au exFAT, miundo isiyojua ruhusa za mafaili za Linux, kwa hiyo Debian ni lazima ikae kwenye hifadhi ya ndani. Tableti ya GB 8 inajaa kabla hujaanza kazi.

Kuna pia suala la usalama, na hapa lazima tuwe wakweli. Debian mpya ndani ya Termux inakupa kivinjari kipya na programu zenye viraka vya karibuni, lakini chini yake kerneli ni ileile ya mtengenezaji, ambayo huenda haijasasishwa tangu mwaka wa pili baada ya kununuliwa. Kwa masomo haina shida. Kwa hesabu za chama au za SACCO, tafuta kifaa kingine.

Sasa kazi ya pili, ya kuiondoa Android. Fundi wa laptopu pale Oginga Odinga Street anaweza kuchomeka flashi moja yenye Linux Mint, aina nyingine ya Linux, kwenye Dell, kisha HP, kisha Lenovo, na zote zikawaka. Si bahati. Kompyuta hizo zina BIOS au UEFI, programu ya ndani inayoziwasha, na vipande vilivyomo vinatambulishwa kwa mfumo kwa njia iliyokubaliwa na watengenezaji wote. Tableti nyingi za Android zina prosesa za ARM, ambako desturi hiyo haipo. Kerneli lazima ipewe maelezo ya kifaa kile kile mahususi: skrini ni ya aina gani, chipu ya mguso imeunganishwa wapi, betri inasomwa vipi. Bila maelezo hayo, skrini inabaki nyeusi hata kama prosesa ni nzima. Na hata tableti mbili zenye jina moja kwenye boksi zinaweza kuwa na chipu tofauti za Wi-Fi.

Juu ya hilo kuna kufuli. Butiloda, ile programu ya kwanza inayoamua ni mfumo upi uwashwe, mara nyingi imefungwa na mtengenezaji, na pale inapofunguka, data yote hufutwa. Draiva, yaani programu za kuendeshea vipande, za michoro, kamera na Wi-Fi huja kama mafaili yasiyosomeka, yaliyotengenezewa kerneli moja ya zamani. Ukiiacha kerneli hiyo, hazikufuati. Leseni ya kerneli ya Linux, GPL toleo la 2, inamtaka anayeisambaza atoe pia msimbo wake. Watengenezaji wengi wa tableti za bei ya chini hawautoi. Hili linaniudhi kwa dhati. Wamechukua kazi ya maelfu ya watu waliyoitoa bure, wakaifungia ndani ya kifaa, kisha kifaa kinamfia mnunuzi mkononi kikiwa na prosesa nzima. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayowawajibisha wazalishaji kwa bidhaa zao hata baada ya kuuzwa. Kwangu, wajibu huo ungepaswa kufika hadi kwenye butiloda: ukiacha kutoa masasisho, fungua kufuli.

Wapo wanaopambana na hali hii. Mradi wa postmarketOS, Linux ya simu na tableti iliyojengwa juu ya Alpine Linux, aina nyepesi ya Linux, na kutangazwa 2017, ulianza na lengo la kuipa simu maisha ya miaka kumi. Ukiwa na Nexus 7, iliyotengenezwa na ASUS kwa ajili ya Google mwaka 2012 na 2013, una bahati: butiloda yake inafunguka, na kuna watu wameifanyia kazi kwa miaka. Tableti chache zenye Intel Atom nazo zina UEFI, na kwa hizo kazi ni rahisi kidogo. Lakini tableti isiyo na jina, iliyonunuliwa soko la Kibuye, yenye chipu ambayo hakuna aliyeiandikia maelezo, usiiguse zaidi ya Termux. Kabla ya lolote, tafuta modeli halisi ya kifaa chako kwenye orodha ya mradi husika, si jina la kibiashara pekee. Kama haimo, jibu umelipata.

Upande wa pesa, ukijumlisha kibodi ya Bluetooth, stendi, na data ya kupakua mamia ya megabaiti, umeanza safari ya kuelekea laptopu ya ex-UK, ile ya mtumba kutoka Uingereza. Anayetaka kuandika tasnifu, kufunga hesabu au kuendesha cyber aweke akiba ya laptopu hiyo, kisha aweke Linux humo. Atapata mashine inayofanya kazi siku ya kwanza. Hesabu inageuka kwa aliye na tableti tayari, asiye na akiba, na anayetaka kujifunza.

Shule zinahitaji uangalifu zaidi. Tableti za serikali zilianza kufika katika shule za msingi za umma mwaka 2016, na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuzisambaza. Mwalimu atakayekuta kadhaa kabatini atavutiwa kuzibadilisha zote kwa mpigo. Asifanye hivyo. Programu za masomo zilizoandikwa kwa Android hazitafunguka kwenye Debian, na vifaa vyenyewe ni mali ya umma. Kwanza atenge zilizovimba betri, azitoe darasani. Kisha, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, aweke Termux kwenye moja tu, amwachie mwanafunzi mwenye hamu kwa muhula mzima, na aone kama mwisho wake bado inafunguliwa.