Dodoma: askofu akae, au ahamishwe?

Bibi mmoja Mkatoliki wa kigango kimoja (kanisa dogo la kijijini chini ya parokia) upande wa Chamwino ana picha ya marehemu Askofu Mathias Isuja ukutani, kando ya kalenda, imefifia hadi pete haionekani. Waliomfuata hawapo. "Hawa wengine," aliniambia, "sikuwahi kuwazoea."

Isuja alizaliwa Haubi, Kondoa, mwaka 1929. Mwaka 1972 alilipokea Jimbo Katoliki la Dodoma kutoka kwa Askofu Pesce, Mwitalia wa shirika la kitawa la Wapasionisti, akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza. Aling'atuka 2005, baada ya miaka 33. Kuanzia hapo mambo yakaenda mbio. Ruwa'ichi alihamishiwa Mwanza 2010, Nyaisonga akapelekwa Mpanda 2014, na mwaka huohuo Dodoma ikafanywa jimbo kuu, akaja Kinyaiya kutoka Mbulu. Maaskofu watatu ndani ya miaka kumi.

Manung'uniko ya waumini juu ya uhamisho huu yana mizizi mirefu. Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ulikataza askofu kuhama mji mmoja kwenda mwingine. Na vijijini jambo lenyewe linaonekana kwa macho. Askofu hafiki kigangoni kila mwaka. Huja kwa kipaimara, anapokewa kwa vigelegele, anapewa mbuzi, katekista anamweleza habari za mtama uliokauka na kisima kilichokufa. Safari inayofuata anashuka garini mtu mwingine, na katekista anaanza upya.

Lakini Mpanda nayo ilikuwa haina askofu tangu Pascal Kikoti afariki 2012. Nani apelekwe huko? Mzoefu hachumwi mtini. Tena kukaa sana kuna gharama yake: mapadre karibu wote wamewekewa mikono na mtu mmoja, basi ni nani atathubutu kumwambia hesabu za parokia haziendi sawa? Mgeni huuliza yale ambayo wenyeji walishazoea kuyanyamazia. (Simsemi Isuja hapa, nakisema kiti cha askofu.)

Hoja isiyonishawishi ni ile ya "tunaletewa wageni". Isuja mwenyewe alikuwa Mrangi, akichunga kundi lenye Wagogo wengi. Kondoa imekuwa jimbo lake yenyewe tangu 2012, na Haubi iko huko. Kwa ramani ya leo, yeye naye angehesabiwa mgeni. Kilichomfanya mwenyeji ni miaka. Tena mji wenyewe, tangu serikali ihamie, umejaa watu wa kila mkoa. Mgeni akimnung'unikia mgeni, inachekesha kidogo.

Kwa hiyo mimi nasimama na bibi, ila kwa nusu: aletwe yeyote, kutoka popote, lakini miaka mitatu haitoshi hata kuvizungukia vigango. Nilipomtajia Kinyaiya, bibi alitikisa kichwa taratibu.

"Na huyu naye watamchukua lini?"