Kibali cha kuchimba mtaro kianze kwa kuuliza kina

Ukitaka kukata barabara hapa Mwanza upitishe bomba, hutakosa mtu wa kukuuliza habari za lami. Unakata wapi, upana kiasi gani, unafukia lini, nani atashindilia kifusi, nani atarudisha lami. Ni maswali halali na sina ugomvi nayo. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu 2017, zile kubwa kama Nyerere na Kenyatta ziko chini ya TANROADS, na Sheria ya Barabara ya 2007 inataka kibali kabla mtu hajaingiza bomba au nguzo kwenye hifadhi ya barabara. Kwa maneno mengine, lami ina watetezi. Swali ambalo sijalisikia likiulizwa kwa ukali uleule ni hili: mtaro wako utakwenda chini kiasi gani, na nani atashuka humo?

Kina ndicho kinachoua. Mtaro wa nusu mita wa kuvuta maji ya nyumbani utakuumiza mgongo tu. Lakini bomba la majitaka halina hiari. Linafuata mteremko, na eneo likiwa tambarare kila hatua unayosonga mbele linadai ushuke zaidi. Unaanza asubuhi ukingo uko magotini, kesho kutwa anayechimba haonekani, unaona koleo tu likitupa udongo juu. Hapo ndipo kazi inapobadilika bila mtu yeyote kutangaza kwamba imebadilika. Vibarua ni walewale, sururu ni zilezile, na malipo hayajaongezwa hata shilingi.

Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa kuanzia tani moja na nusu hivi, na ukilowa unakaribia mbili. Ni sawa na kuwekewa Noah nzima kifuani. Watu wengi hudhani aliyefukiwa hadi mabegani amenusurika kwa kuwa kichwa kiko nje na anaongea. Hapana. Kila anapotoa pumzi kifua kinanywea kidogo, na udongo unashuka kuziba nafasi hiyo. Akitaka kuvuta pumzi nyingine, kifua hakina pa kutanukia. Anaweza kufa huku anatazamana na wenzake.

Jibu ninalopewa kila nikiligusa jambo hili ni moja: "Kaka, Mwanza hii ni mji wa mawe, mwamba utaanguka wapi?" Wanaosema hivyo wanautazama mji kutoka kivukoni, wanaliona Jiwe la Bismarck na vilima vya Igogo, wanaamini chini kote kuko hivyo. Ni kweli kwamba ukikutana na mwamba mmoja usio na ufa, mtaro wako uko salama kuliko popote, ingawa utalia na jekihama. Tatizo ni kwamba granaiti ya hapa haikukaa kama sakafu. Imeoza kwa kupasuka, ikaacha mawe ya mviringo yamezikwa ndani ya mchanga wake yenyewe. Unachimba, unakuta jiwe la ukubwa wa meza limetokeza ubavuni, unaliacha kwa sababu halikuzuii kupita. Kumbe udongo ulioutoa chini yake ndio uliokuwa umelibeba.

Na hao wanaodai ardhi ni moja wangemuuliza mkulima yeyote wa Kisukuma. Wazee walishaigawa ardhi hii zamani, kutoka kilimani hadi bondeni, na kila tabaka lina jina na mazao yake. Chini tu ya mawe kuna luseni, mchanga mwepesi uliomomonyoka kutoka kwenye granaiti. Ukishuka kidogo unakuta itogolo, ambayo juu ni mchanga na chini ina tabaka gumu linalokataa jembe. Bondeni kabisa ni mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika hadi ukavua kiatu.

Mgawanyo huo uliwekwa kwa ajili ya mtama, pamba na mpunga, lakini mimi nauona unamfaa mchimba mtaro vilevile. Luseni ikiwa na unyevu kidogo inasimama wima asubuhi na kukudanganya. Jua likiikausha inaanza kutiririka kutoka chini, na ukuta wa juu unabaki ukining'inia. Itogolo ndiyo inayonitisha zaidi, kwa sababu lile tabaka gumu linampa mchimbaji imani. Anagonga, anasikia sauti ya kitu imara, anajipa moyo. Mvua ikinyesha, maji hayapenyi tabaka lile. Yanakaa juu yake, na mchanga wote ulioko hapo unapata mahali pa kuteleza. Mbuga nayo haimomonyoki kwa vipande vidogo. Ule ufa wa kiangazi uliouona juu ya ardhi umeshuka chini mbali, hivyo ukuta unakatika kwa bamba zima na kulala.

Kuna ardhi ya nne ambayo wazee hawakuijua, na katikati ya mji ndiyo imetawala: ardhi iliyokwisha kuchimbwa. Pembeni ya barabara zetu kumepita bomba la maji, ukaja mkongo wa intaneti, ukaja waya wa umeme, kila mmoja na mtaro wake na kifusi chake. Ukichimba sambamba na mtaro wa zamani, ukuta wako upande mmoja ni takataka zilizorudishwa na mtu aliyekuwa na haraka. Ongeza malori yanayopita kwenda Musoma, kila moja likitikisa ukingo.

Sasa wenzetu wanafanyaje? Marekani nao wana OSHA, kifupisho kilekile kama cha wakala wetu wa usalama na afya mahali pa kazi, sijui nani alimwiga nani. Kanuni zao za mitaro zinaanza na kina: kuanzia futi 5, yaani kama mita moja na nusu, lazima kuta zilazwe kwa mteremko, au zikingwe, au wachimbaji wafanye kazi ndani ya sanduku la chuma linalozuia kuta, isipokuwa kama ardhi yote ni mwamba imara. Udongo dhaifu kabisa unatakiwa kulazwa hivi kwamba kila mita moja ya kushuka, ukingo unarudi nyuma mita moja na nusu. Udongo uliotupwa juu ukae angalau futi 2 kutoka ukingoni. Ngazi iwepo kuanzia futi 4. Na mtu mwenye ujuzi aukague mtaro kila siku kabla ya watu kushuka, na tena baada ya mvua, akiwa na mamlaka ya kuwatoa.

Kilichonivutia zaidi lakini ni jimbo lao moja, Massachusetts. Huko mtoto wa miaka minne alikufa baada ya mtaro kumporomokea, na kutokana na kifo hicho ikatungwa sheria inayotaka kibali mahsusi cha mtaro. Kanuni zake zilianza kutumika 2009. Mtaro wowote unaozidi futi 3, hata ukiwa ndani ya kiwanja chako, unahitaji kibali kutoka kwa mji wenyewe. Na ukiuacha bila mtu wa kuulinda, uwe umefunikwa, umezungushiwa uzio au umefukiwa. Ni mji unaotoa kibali, si wizara iliyoko mbali. Hiyo ndiyo sehemu ninayoitaka.

Maana sisi sheria kubwa tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri asajili eneo la kazi na kuwalinda watu wake. Bodi ya Usajili wa Makandarasi ina meno yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo. Lakini mkaguzi wa OSHA wa Kanda ya Ziwa ana viwanda vya samaki, migodi, vituo vya mafuta na maghorofa. Hatapata nafasi ya kufika kwenye mtaro wa Nyasaka utakaochimbwa Jumatatu na kufukiwa Alhamisi. Mtaro ni eneo la kazi lenye maisha mafupi kuliko barua ya kuuombea ukaguzi. Anayeweza kuuona ni mtendaji wa mtaa, anayepita hapo akienda ofisini.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa madiwani wa Jiji na wa Manispaa ya Ilemela, tena kwa pamoja, kwa sababu tangu Ilemela ijitenge 2012 unaweza kuanza kuchimba ukiwa chini ya halmashauri moja na kumaliza ukiwa chini ya nyingine bila kubadilisha koleo. Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Watunge moja, fupi, inayosema kwamba mtaro wowote utakaomfika mchimbaji kiunoni uwe na karatasi ya kata. Nimechagua kiuno makusudi. Mita moja inahitaji futi ya kupimia na ubishi juu yake. Kiuno kila mtu anakiona, pamoja na mama anayeuza vitumbua ng'ambo ya barabara. Karatasi ionyeshe kina cha mwisho kinachokusudiwa, ardhi ni ya aina gani (waandike luseni au mbuga, tutaelewana), kuta zitakingwaje, na namba ya simu ya mtu mmoja anayewajibika. Ibandikwe kwenye ubao pale pale mtaroni. Mtendaji akipita akikuta mtaro umewafika watu kifuani na karatasi inasema kiunoni, ana haki ya kuwatoa.

Najua kitakachosemwa: umeongeza dirisha jingine la kulipia. Hofu hiyo ninayo pia, na ndiyo maana nataka karatasi hii iwe bure. Ikilipiwa, itageuka stakabadhi. Mtu atalipa, ataweka mfukoni, atachimba atakavyo.

Wengine watasema vifaa ni ghali. Sanduku la chuma, sawa, ni ghali, na kwenye vichochoro vya Mabatini halipiti. Hata kulaza kuta huko hakuwezekani, utabomoa jiko la mtu. Lakini mirunda na mbao zinauzwa kila kona ya mji huu, na fundi anayejua kufunga mbao za kumwagia zege la ghorofa hawezi kushindwa kuegemeza ukuta wa udongo, mradi aonyeshwe nafasi kati ya mhimili na mhimili na aanze kufunga kutoka juu kwenda chini, si kinyume chake. Na kuna njia nyingine ambayo mji huu tayari umeionja: mfumo rahisi wa majitaka uliojengwa kwenye vilima vyenye mawe, mabomba membamba yanayolazwa karibu na uso wa ardhi. Waliousanifu walikuwa wanakwepa mwamba na gharama. Lakini mtaro wa kina kifupi ni mtaro usiomfukia mtu, na hiyo pekee ingetosha kuwa sababu ya kuupendelea popote unapowezekana.

Juu ya mtaro unaoachwa wazi usiku sina maneno mengi. Utepe wa njano na nyeusi haumzuii mtoto wala bodaboda, na mvua ikishaujaza mtaro maji, hakuna anayejua kina chake. Uzio wa mirunda, au ufukiwe, basi.

Kuna jambo moja la uokoaji ambalo natamani lingesomwa kwa sauti kila asubuhi ya kazi. Ukuta ukianguka, wa kwanza kuruka ndani ni rafiki wa aliyefukiwa, na ukuta wa pili humkuta huko. Wa pili ni dereva wa kijiko anayetaka kusaidia kwa meno ya chuma. Waliobaki juu wapige 114, wawasogeze watu na magari mbali na ukingo, wazime mitambo, wakinge kuta kwanza, ndipo wachimbe kwa mikono na sepetu.

Lakini hata karatasi ya kata haitafua dafu kama hatutagusa malipo. Vibarua wetu wanalipwa kwa kipande: mita kadhaa, kina kadhaa, hela yako hii. Anayelaza kuta anatoa udongo mara mbili au zaidi kwa hela ileile, na anayesimamisha mirunda amepoteza nusu siku ambayo haina mlipaji. Kijana anayechimba wima, mwembamba, haraka, hajakosa akili. Amepiga hesabu tulizompa. Mkandarasi naye kapiga hesabu zake hivyohivyo, kwa sababu kwenye zabuni nyingi nilizopitia kukinga kuta kumemezwa ndani ya bei ya kuchimba, na anayeacha kukinga ndiye anayeshinda kwa bei ya chini.

Mwenye mradi, awe mamlaka ya maji, kampuni ya simu au halmashauri yenyewe, aitoe gharama hii ndani ya bei ya kuchimba. Kukinga kuta kuwe na mstari wake kwenye jedwali la gharama, kwa mita, kwa kina, na bei yake iwe sawa kwa wazabuni wote ili asishinde mtu kwa kuipunguza. Msimamizi apime mirunda iliyosimama kama anavyopima bomba lililolazwa, asaini, ndipo hela itoke. Na kipande cha kibarua anayefanya kazi ndani ya mtaro uliokingwa kihesabiwe kwa siku, si kwa mita.