Hati Tayari, Roho Juu

Ukitoka Malindi kushika barabara ya Mombasa, hesabu mabango yaliyogongomelewa kwenye miti. "PLOTI 50 KWA 100. HATI TAYARI." Chini yake nambari ya simu, na mara nyingine picha ya nyumba ya ghorofa ambayo haipo popote. Hati tayari! Tayari kwa nini hasa? Kwa kufungiwa kabatini, au kwa kupelekwa kortini?

Maana tangu tarehe 21 Aprili 2023, neno hilo "tayari" limekuwa mzaha. Siku hiyo Mahakama ya Juu ilikata kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa. Mnaijua: ardhi ya ufuoni Nyali, iligawiwa Rais Moi mwaka 1989, ikauzwa kwa kampuni moja, na hiyo kampuni ikawauzia Dina. Septemba 2017 kaunti ikaja ikabomoa ukuta, ifungue njia ya kushukia pwani. Dina wakatoa hati. Majaji wakauliza hati ya kwanza ilizaliwaje, na ramani ya ugavi iko wapi. Ramani haikuonekana. Kama mzizi umeoza, wakasema, tawi haliponi hata likipita mikono kumi. Fidia? Hakuna, kwa sababu Katiba, kifungu cha 40(6), hailindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Haya, nakubali, kwa shingo upande: kwa njia ya pwani hukumu ile ilikuwa ya haki. Mvuvi wa huku anajua maana ya kuzungushwa na nyavu begani kwa sababu kichochoro alichopita babu yake sasa ni lango la chuma lenye askari na mbwa. Wacha kuta zibomolewe.

Lakini bili ya hukumu hiyo imetumwa kwa nani? Si kwa aliyegawa. Si kwa karani aliyegonga muhuri. Imetumwa kwa mwalimu aliyechukua mkopo wa sako kununua hiyo ya futi 50 kwa 100.

Angalia anachotakiwa kufanya sasa. Kuomba sachi ofisi ya ardhi pekee hakutoshi tena. Sachi inakwambia nani ameandikwa leo, haikwambii aliandikwaje. Aombe nakala ya grini kadi, ule ukurasa wa sajili wenye historia ya ploti, aisome tangu mstari wa kwanza: nani alisajiliwa, lini, kwa msingi gani, na kama kuna kizuizi kilichowekwa kikatolewa. Kama ploti imekatwa kutoka hati mama, atafute mutesheni, yaani fomu ya sovea ya kuigawa hati hiyo, na aone kama imeingizwa kwenye ramani ya sajili, maana kuna ploti nyingi ambazo zimeuzwa, zimelipiwa, zimejengwa, na kwenye ramani hazipo. Kama mzizi ni ardhi ya serikali, atafute barua ya ugavi, mpango wa ugavi ulioidhinishwa uliotangulia barua hiyo, na risiti ya malipo yaliyodaiwa. Barua peke yake si hati. Mahakama ya Juu ilisema hivyo pia Septemba 2023 katika kesi ya Torino. Kisha amlete sovea aoneshe bikoni, yale mawe ya mpaka, kwa sababu karatasi inaweza kuwa ya kweli na shamba unaloonyeshwa likawa la jirani. Kama ni ardhi ya kilimo, kuna idhini ya bodi ya ardhi, ambayo maombi yake yana miezi sita tangu mkataba kufanyika. Ikipita bila maombi, na mahakama isiongeze muda, kwa maandishi ya sheria mkataba huo ni karatasi ya kufungia mahamri.

Sasa hesabu. Kazi hii yote, wakili na sovea na nauli za kwenda ofisi ya ardhi Kilifi na kurudi kwa sababu "faili haionekani, njoo Alhamisi", gharama yake haipungui sana eti kwa kuwa kipande ni kidogo. Anayenunua ekari hamsini za hoteli anaimeza bila kuisikia. Anayenunua 50 kwa 100 inamla sehemu kubwa ya bei, kwa hiyo anaiacha. Ananunua kwa imani, kwa neno la dalali. Ndiyo maana hatari yote huishia mikononi mwa yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kuijua na wa kuibeba. Na faili lenye jibu liko kwenye droo ya serikali wakati wote huo!

Halafu tunashangaa kwa nini mtu mwenye pesa anajenga udongo na makuti. Asiye na hakika na ardhi hapandi mnazi, utakaomchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuangua dafu la kwanza. Anapanda mahindi, avune ahame. Hajengi kwa mawe. Benki nayo inajua, ndiyo maana nyumba bila ardhi, yaani nyumba yako juu ya kiwanja cha mwingine, haikopeshewi hata iwe na vigae vya Italia.

Na hapo kwenye nyumba bila ardhi kuna kichekesho chake. Sheria ya ukomo wa madai inasema mtu akikaa kwenye ardhi ya mwingine miaka 12 waziwazi, mfululizo na bila ruhusa, anaweza kwenda mahakamani asajiliwe yeye. Zingatia: bila ruhusa. Mpangaji mstaarabu aliyemlipia mwenye ardhi kodi ya kiwanja miaka arobaini, na risiti anazo, hana dai; risiti zenyewe ndizo ushahidi kwamba aliruhusiwa. Aliyeingia bila kubisha hodi akafyeka peupe ndiye mwenye haki. (Si kwa ardhi ya serikali, huko hata ukae karne.) Na mnunuzi ajihadhari: kuuzwa kwa shamba hakuirudishi saa nyuma. Ukinunua palipo na maskwota wa miaka kumi na moja, umenunua na miaka yao.

Mzizi wa yote haya ni sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyotaka watu wa Mwambao wapeleke madai yao kwa msajili, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Wamijikenda wengi hawakudai, au hawakuhesabiwa kuwa wa kudai. Dawa iliyotungwa miaka mia baadaye ilikuja na tarehe ya kuharibika kama maziwa: mamlaka ya Tume ya Taifa ya Ardhi ya kupitia upya hati za ardhi ya umma yaliisha Mei 2017, na dirisha la madai ya dhuluma za kihistoria likafungwa Septemba 2021. Dhuluma ya karne, dirisha la miaka mitano, mpaka sheria ya 2025 ilipokuja kuyafufua mamlaka hayo.

Na hatuhitaji hata sheria mpya kuanzia. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 81, inaahidi kumlipa aliyeumia kwa sababu sajili imerekebishwa, au kwa kosa lililo kwenye nakala iliyothibitishwa na ofisi yenyewe, mradi si yeye aliyelisababisha kwa hila au uzembe. Basi itumike! Serikali ikianza kulipia makosa yake mfukoni, yale mafaili yataonekana kabla ya Alhamisi. Mpaka hapo, mnunuzi, usipokee sachi ya picha ya WhatsApp. Chukua nakala yenye muhuri, uitunze. Hiyo ndiyo utakayoidai nayo.

Na lile bango, lipigie simu. Usiulize bei. Uliza grini kadi inaanza na jina la nani, kisha usikilize dalali atakavyosema mtandao unasumbua.