Bodi ya duara sio shida, shida ni kona za ndani

Kuna watu wakiona bodi ya saketi yenye umbo la jani au gia wanakwambia huo urembo tu, fundi wa kweli anachora mstatili anaendelea na maisha. Mimi siko upande huo. Kama kasha lenyewe ni la duara, saa au taa au kitasa, sioni kwa nini ulazimishe mstatili halafu nafasi yote ya pembeni ipotee bure. LilyPad, bodi ya Arduino ya kushonea nguo iliyobuniwa na Leah Buechley na kutoka 2007, ilikuwa duara la kama milimita 50 hivi, na ilikuwa na sababu, ile inashonwa kwenye nguo kwa uzi unaopitisha umeme, sasa nani anataka kona nne zimchome mbavuni.

Ila hao jamaa wa mstatili wana pointi moja. Wengi wetu maumbo haya tunayachora kama picha, na ule mstari wa ukingo sio picha jamani, ni njia ambayo kekee ya kukatia bodi kiwandani itapita huku inazunguka, na kama hujui kekee ina unene gani basi hujui unachora nini.

Mimi hilo nimefundishwa na tupa. Nilikuwa na kasha la taa la duara, ndani kuna kijiti cha plastiki cha mraba kimesimama, nikachora bodi ya milimita 60 na pengo la mraba pale kijiti kinapopita, kwenye skrini kona zimenyooka kama zimekatwa na wembe, nikajipongeza kabisa. Bodi zikaja. Kijiti hakiingii. Nikaanza kumlaumu mtengenezaji mpaka nilipozuum kwenye mchoro wangu nikaanza kuona aibu, maana kekee ya milimita 2 ikiingia kona ya ndani lazima iache mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 1, kitu cha duara hakichongi kona ya mraba hata ukibembeleze. Kona za nje hazina neno, kekee inazipitia kwa nje. Basi jioni nzima nikakaa nasugua bodi 10 moja moja, na ule unga ni nyuzi za kioo, unawasha mikono na sio wa kuvuta puani, kwa hiyo vaa barakoa na ulowanishe bodi kwanza. Toleo la pili nikaweka kitundu kwenye kila kona ya ndani ya lile pengo, kijiti kikazama chenyewe.

Halafu kuna ule mstari usiofunga. Umechora umbo lako zuri kwenye programu ya michoro, umelileta KiCad, programu ya kuchora bodi, kwenye leya ya Edge.Cuts inayoonyesha ukingo, kumbe mkunjo mmoja umevunjwa vipande mia, na viwili kati ya hivyo vimepishana kidogo tu, jicho halioni, programu inalalamika ukingo haujafunga. Siku moja nimehangaika saa nzima kumbe kuna mistari miwili imelaliana. Chora kwa tao halisi, sio vistari vidogo vidogo, utanishukuru.

Kitu ambacho wengi hawakifikirii kabisa ni bodi itatokaje kwenye paneli, yaani karatasi moja kubwa yenye bodi nyingi zilizoshikana. Ile mifereji ya V ya kuvunjia bodi inakwenda kwa mstari ulionyooka tu, kwa hiyo umbo la mikunjo linashikiliwa na vijidaraja vyenye vitundu vidogo vilivyopangana, wenyewe wanaita kung'atwa na panya, na kweli ukivunja ukingo unabaki na meno meno, kwa hiyo usiweke daraja mahali bodi inapogusa kasha. Na usiweke kapasita ya kauri jirani na daraja! Mimi niliweka moja milimita 2 hivi kutoka hapo, tena imesimama kuelekea ukingo, nikavunja bodi kwa mkono kama biskuti, taa ikawaka vizuri siku mbili, ya tatu ikaanza kuzima ukiigusa. Kapasita ilipasuka nilipoikunja bodi, na ufa wenyewe huuoni kwa macho. Sasa hivi nazisogeza mbali, na ikishindikana nazilaza sambamba na mstari wa kuvunjia, mkazo unapungua.

Bei nayo, viwanda vingi vinapima mstatili unaozunguka umbo lako, kwa hiyo ile nyota yako unalipia na hewa iliyo kati ya ncha zake. Ni sawa tu, ilimradi unajua.

Siku hizi kabla sijatuma faili naprinti ukingo kwa kipimo chake halisi, nabandika kwenye kadibodi, nakata kwa mkasi naingiza kwenye kasha. Hapa mezani nina kadibodi ya umbo la figo, upande mmoja imegoma kwa kama milimita moja na nusu, ngoja nirudi kuchora.